Mrabaha Nililipa, Sharti Nikalificha

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana: mimi ndiye Octavian, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha Lumemo hapa Ifakara, niliyepigwa ngumi Kidatu mbele ya wafanyakazi wa miwa kwa kuigiza mchezo wa mtu bila idhini yake. Ngumi ile ilinitoa jino moja na nusu ya ujinga. Nusu iliyobaki ndiyo ninayoiungama leo.

Baada ya Kidatu niliapa kwamba Lumemo haitaigiza tena mchezo wa wizi. Nikapanda basi hadi Mang'ula kwa Mwalimu Mbuke, dada wa Kisukuma anayefundisha huko, aliyeandika mchezo uitwao "Mpaka wa Majaruba". Mchezo ule unamhusu mdogo wake, mfugaji kijana aliyekatwa panga hadi kufa kwenye majaruba ya mpunga kule Katindiuka miaka tisa iliyopita. Aliyemkata alikuwa amejifunika gunia usoni, na hajajulikana mpaka leo.

Mwalimu alinitolea mkataba wa kurasa tatu. Nikalipa mrabaha wote palepale, nikajiona mstaarabu kuliko waigizaji wote wa mkoa wa Morogoro. Yeye akaendelea kunisomea masharti kwa sauti ya darasani, moja baada ya jingine, mpaka akafika la nne. Hapo akavua miwani.

"Mchezo usikatishwe katikati, na mtazamaji yeyote asiitwe kushika nafasi ya mwigizaji. Hili mnaliweza, kaka Octavian?"

"Tunaliweza, mwalimu."

Nikatia sahihi. Sikumuuliza sababu. Nilidhani ni madaha ya waandishi tu, maana mtu akishaandika kurasa arobaini huona kila nukta ni mtoto wake wa kumzaa.

Sasa sikiliza kwa nini sharti lile lilinikaa kooni. Sisi Lumemo tuna mtindo wetu. Mchezo ukifika pabaya, pale mtu anapotaka kupigwa au kudhulumiwa shamba, mimi hupiga ngoma mara moja na waigizaji wote huganda. Tunaita breki. Halafu nawauliza watazamaji nani ana njia nyingine, na anayejitokeza hupanda jukwaani akashika nafasi ya mwigizaji mmoja, atuonyeshe yeye angefanyaje.

Watu wa bonde hili hawaji kutuona sisi. Wanakuja kumwona jirani yao akipanda jukwaani na kujiaibisha. Lumemo bila breki ni wali bila mboga.

Niliporudi Ifakara niliuzamisha mkataba chini kabisa ya begi la nguo za maigizo. Theresia, mwenzetu mtu mzima anayetunza vifaa, aliniuliza kama kuna masharti ya kujua. Nikamwambia mrabaha umelipwa na mwalimu ameruhusu kila kitu, breki na yote. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na uongo, kama mjuavyo, hauzai mmoja.

Onyesho la kwanza tuliigiza mjini bila breki. Nipeni haki yangu, nilijitahidi. Watu walitazama mpaka mwisho wakaondoka kimya, na muuza karanga mmoja akaniuliza kama siku hizi nimeokoka. Neno lile liliniuma wiki nzima.

Onyesho la pili lilikuwa Katindiuka, Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na mpunga umeshavunwa. Jukwaa letu lilikuwa mbao juu ya mapipa. Wakulima walikaa upande mmoja na wafugaji upande mwingine, na hakuna aliyewapanga.

Nafasi ya muuaji aliishika shemeji yangu Anselim. Huyu ni kitinda mimba wa kwao mke wangu Bibiana, kijana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Mama yao alipofariki alimwachia Bibiana amlee, na Bibiana alimlea kwa kuuza vitumbua mpaka akamaliza kidato cha nne. Nilipomwomba aigize nasi, mke wangu aliniambia yule ndiye ndugu pekee aliyebakiwa naye, na akinitazama machoni akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa.

Mchezo ukaenda vizuri. Anselim akatokea amevaa gunia kichwani, panga la mti mkononi, na Jofrey, aliyeigiza yule mfugaji, akarudi nyuma nyuma akimwomba amsamehe. Nikawatazama watu. Walikuwa wamenyamaza, na ukimya ule niliusoma vibaya. Nilidhani wamechoka. Nikamkumbuka muuza karanga, mkono ukaenda wenyewe, nikapiga ngoma.

Uwanja mzima ukashangilia. Hatimaye Lumemo yao imerudi. Theresia alinitazama akatabasamu, maana yeye alijua tumeruhusiwa.

Nikauliza nani ana njia nyingine. Akasimama mwanamume wa miaka hamsini hivi upande wa wafugaji, mrefu, kofia ya pama, fimbo nene mkononi. Wakati huo sikumjua. Baadaye niliambiwa anaitwa Shilinde, na kwamba ni kaka mkubwa wa Mwalimu Mbuke na wa yule marehemu.

Akasema anaomba nafasi ya mfugaji.

Sisi tuna kanuni kwamba fimbo, panga na visu vinabaki chini kwa Theresia. Theresia akanyoosha mkono. Yule mzee akamjibu kwa upole kwamba mfugaji bila fimbo watu watamjuaje, na watu wakacheka. Theresia akanigeukia mimi. Nikamwambia amwache nayo, inapendezesha.

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Kinywa hiki hiki.

Jofrey akashuka, Shilinde akapanda. Anselim akarudia maneno yake ya mchezo, kwamba ng'ombe wamekula mpunga wake na leo utalipwa kwa damu. Mzee akamtazama muda mrefu.

"Vua gunia," akasema.

Anselim alikuwa mwigizaji kweli, hakutoka kwenye nafasi yake hata kidogo. "Uso wangu utauona siku ya kiama," akamjibu, na upande wa wakulima ukaangua kicheko. Shilinde hakucheka.

Fimbo ya kwanza ilimpata kwenye muundi. Niliusikia mfupa nikiwa hatua sita. Anselim akapiga magoti na watu wakaruka juu kwa makofi, kwa sababu hawajawahi kuona uigizaji wa namna ile Katindiuka. Ya pili ilimpata kwenye kiwiko, panga la mti likaruka likaangukia watoto waliokaa mbele, wakaligombania.

Ya tatu ilimpata begani, na Anselim akaita, "Shemeji."

Kwenye mchezo wa Mwalimu Mbuke hakuna shemeji. Neno hilo halimo kwenye ukurasa wowote. Mimi peke yangu katika uwanja ule nilijua kwamba anayeitwa ni mimi, na kwamba anayepigwa anapigwa kweli.

Fimbo ya ngoma nilikuwa nayo mkononi. Pigo moja tu na kila mtu angeganda, hata yule mzee labda angeshtuka. Sikupiga. Watu walikuwa wamesimama, akina mama wamevua kanga wanazipunga, vijana wanapiga kelele kwamba aongezewe, na katika miaka kumi na minne ya kuigiza sijawahi kupewa makofi kama yale. Nilijiambia ngoja moja zaidi. Ikaja moja zaidi, na nyingine, na nyingine. Hilo ndilo ninaloungama. Nilimwacha shemeji yangu apigwe kwa sababu watu walikuwa wanafurahi.

Kisha mlio wa fimbo ukabadilika, na makofi yakakatika yote kwa pamoja.

Theresia ndiye aliyeruka. Mama wa miaka hamsini na minane alijitupa juu ya Anselim, na fimbo iliyofuata ikamvunja mkono. Shilinde akamsukuma kando, akainama, akalivuta lile gunia. Lilikuwa limelowa likagoma kutoka, akalichana.

Akamwona kijana ambaye siku mdogo wake anakufa alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Huyu mtoto," akasema. Akatutazama kama anayeomba msaada. "Huyu si yeye."

Fimbo ikamponyoka. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini hata mwenye kovu hujua amekosea. Yule mzee alikaa chini kwenye mbao, akampangusa Anselim damu kwa kofia yake.

Hawakumpa muda. Wakulima walipanda jukwaani wengi mpaka mapipa yakapinduka. Mtu mmoja aling'oa ubao wenye misumari akampiga nao Shilinde sikioni, na sikio likabaki kwenye ubao. Wafugaji wakaingia kumtoa ndugu yao, na hapo Katindiuka ikasahau kwamba imetoka kanisani. Walipigana kwa mipini ya majembe, kwa matofali, kwa viti vya parokia. Mama mmoja alimmwagia mzee wa jumuiya yake mafuta ya maandazi. Nilimwona Jofrey akitambaa, meno yake ya mbele hayapo.

Mimi nilikuwa nimejificha chini ya mbao za jukwaa. Liandikeni hivyo hivyo.

Mgambo walimtoa Shilinde akiwa hai, kwa taabu, wakamkabidhi kwa polisi. Anselim tulimpakia kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na njia nzima alikuwa anakoroma.

Hospitali walimwingiza ndani palepale. Daktari alitoka akatuambia fuvu limepasuka, damu inajaa ndani, wanampasua sasa hivi, na kwamba kama tuna padri wetu tumwite. Bibiana hakulia. Alikaa kwenye benchi, akakunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Theresia alikuwa amekaa mkabala nasi, mkono umefungwa kwenye ubao. Mke wangu akaniuliza nani alimruhusu yule mzee apande na fimbo.

Nikamjibu kwamba anayekusanya fimbo ni Theresia.

Theresia alisikia. Alinitazama tu, akainamisha kichwa, kwa sababu ni mtu mzima na hakutaka kugombana mbele ya mtu anayesubiri kufiwa. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, lakini neno nikaliacha lilivyo. Huo ukawa uongo wa pili.

Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, mlinzi akaja akasema tunaitwa getini. Tukatoka mimi na Bibiana. Nje walikuwapo vijana kama arobaini na pikipiki zao, na mbele yao binamu yake Bibiana aitwaye Evod, mkulima wa Katindiuka. Wengine walikuwa na mapanga waziwazi, wengine wamebeba vidumu vya petroli. Evod alinisalimia kwa heshima zote.

Akasema wamekaa wakafikiri. Yule mzee ni kaka wa mwandishi wa mchezo, na wamelijua hilo sasa hivi. Je, inakuwaje dada aandike mchezo wa kifo cha mdogo wake, halafu kaka aitwe jukwaani na fimbo, katika kijiji kile kile? Wao wanaona huu ni mpango. Wanaona mwalimu aliuandika mchezo ule ili kaka yake apate pa kulipizia.

"Sisi hatutaki kumwonea mtu, shemeji," Evod akaniambia. "Mkataba unao wewe. Tuambie neno moja. Huyo mwalimu alijua kwamba watu wataitwa jukwaani? Aliruhusu?"

Nilihesabu nyuso zao. Bibiana alikuwa amenishika mkono, naye akinisubiri.

Jibu lilikuwa fupi. Ningesema alikataza, kwa maandishi, na mimi nikaficha. Hapo yale mapanga yangekuwa na kazi palepale getini, na hata kama Evod angenihurumia, Bibiana angeujua ukweli kabla hajajua kama ndugu yake yu hai. Yule mwalimu alikuwa mbali Mang'ula, mji mwingine, milango ina komeo. Nilijiambia hawatamfikia. Nilijiambia watachoka njiani. Mwoga ana hesabu zake, na siku zote zinatoka sawa.

"Aliruhusu," nikasema. "Ipo kwenye mkataba."

Evod aliitikia kwa kichwa, akanishukuru. Bibiana aliuachia mkono wangu, akafunika uso. Nilidhani watawasha pikipiki waelekee barabara ya Mang'ula, lakini walikunja kushoto, njia ya mashambani. Mmoja aliyebaki nyuma akifunga kidumu chake, nikamuuliza wanakwenda wapi. Akaniambia wanakwenda bomani kwa Shilinde, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Kule wapo ng'ombe wake na nyumba yake, mwalimu watamtafuta kesho.

Nikapumua. Mungu anisamehe, nilipumua, nikaona ni ng'ombe tu.

Tuliporudi kwenye benchi daktari hajatoka bado. Ikapita robo saa, ikapita nyingine. Simu yangu ikaita. Ilikuwa ni Mwalimu Mbuke.

Nilisogea mpaka mwisho wa korido ndipo nikapokea. Kabla ya yote aliniuliza hali ya Anselim. Nikamwambia wanampasua. Nikamsikia akipenga kamasi, kisha akasema anamwombea, na kwamba anaomba nimfikishie mke wangu pole yake, ingawa anajua mke wangu hataitaka.

Akaniambia alitoka Mang'ula tangu asubuhi kuja kutazama mchezo wake, basi likaharibika njiani, akafika Katindiuka watu wameshatawanyika na damu ipo kwenye mbao. Ndipo akanieleza lile sharti la nne, bila kuulizwa. Tangu mdogo wao afe, Shilinde alikuwa anatafuta mtu wa kumpiga. Huwa anasimama mnadani akitazama mikono ya watu, maana uso wa muuaji haukuonekana. Mwalimu alijua kwamba siku kaka yake akiitwa jukwaani atapanda, na akipanda hatashuka bila kuumiza mtu. Kwa hiyo alilizuia kwa maandishi.

"Nimetoka polisi muda si mrefu," akasema. "Nimewaambia ukweli, hata kama unammaliza kaka yangu. Nimewaambia Octavian aliweka sahihi mbele yangu, na ni mtu wa kulipa na kutimiza. Hawezi kuwa alimwita. Shilinde alipanda kwa nguvu zake mwenyewe."

Nilitaka kumwambia asimame hapo hapo, arudi polisi, akawaambie amekosea. Nikamuuliza tu kama ameshapanda basi la kurudi Mang'ula.

Akasema hapana. Wifi yake, mke wa Shilinde, amebaki kituoni na mumewe, kwa hiyo yeye ameletwa na pikipiki bomani kukaa na watoto. Wapo watano, mdogo bado ananyonya na amelala mgongoni kwake. Wamefunga lango la miiba kwa sababu watoto wanaogopa.

Nikaegemea ukuta.

"Mwalimu," nikamwita.

"Subiri kwanza, kaka Octavian. Kuna vijana wengi wanakuja kwa pikipiki, wanapita kwenye majaruba." Nikamsikia akiwatuliza watoto. Sauti yake ilipunguza wasiwasi, ikawa karibu na ya furaha. "Aliye mbele ni binamu wa mke wako, namfahamu. Mungu akubariki, umewatuma watulinde. Tuwafungulie?"